Alhamisi mbili za Agosti: matokeo ya mtoto Uingereza, familia ikiwa likizo nyumbani

Matokeo ya A-level (mitihani ya mwisho wa sekondari, ya kuingilia chuo kikuu) kwa England, Wales na Ireland ya Kaskazini hutoka Alhamisi ya katikati ya Agosti, na ya GCSE (mitihani ya kama umri wa miaka 16) hufuata Alhamisi inayofuata. Mwaka 2024 zilikuwa tarehe 15 na 22. Mwaka 2025 zikawa tarehe 14 na 21. Scotland ina utaratibu wake: huko hutoka Jumanne ya mwanzo wa Agosti, yaani tarehe 6 mwaka 2024 na tarehe 5 mwaka 2025. Shule nyingi za England hufunga kati ya tarehe 18 na 25 Julai na kufungua mwanzoni mwa Septemba. Kwa hiyo familia inayosubiri likizo hiyo ndefu ili iende Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi au Zanzibar inakuta Alhamisi zote mbili zimekaa katikati ya safari. Na harusi za ukoo nazo hupangwa Agosti hiyohiyo, kwa sababu ndiyo nafasi pekee ya wa ng'ambo kufika.

Wazazi wengi huuliza swali moja tu: je, tutayapata matokeo tukiwa huko? Mtayapata. Alama zinafika popote penye intaneti. Kisichosafiri kwa urahisi ni maamuzi yanayotakiwa siku hiyohiyo: kupiga simu chuo kikuu, kukubali au kukataa nafasi, kuandikisha mtoto shule ya A-level, kutia saini ombi la kusahihishiwa upya. Ndiyo maana Alhamisi mbili hizi zisipimwe kwa mizani moja. Ya A-level ni siku nzima ya kazi. Ya GCSE ni jambo la mpango mmoja mliokwisha kuufanya mapema na shule anayokwenda.

Tuanze na tiketi, maana kosa kubwa hufanyika hapo, miezi sita kabla. Mtoto wa mwaka wa 13, yaani aliyefanya A-level, asiwe angani Alhamisi ya A-level, na ikiwezekana asiwe angani Ijumaa yake. Ndege ya kutoka Afrika Mashariki kwenda Ulaya, pamoja na kubadilisha njiani, inamweka mtu nje ya simu kwa saa nane hadi kumi na tano, na hizo ndizo saa ambazo nafasi za vyuo zinagawanywa. Kuna mlango mmoja ambao familia nyingi husahau. Watahiniwa wa mwaka wa 11 (wa GCSE) na wa 13 humaliza mitihani mwezi Juni, wiki kadhaa kabla ya shule kufungwa. Bodi za mitihani huweka siku ya akiba mwishoni mwa Juni, na mwaka 2025 ilikuwa Jumatano tarehe 25. Mtahiniwa anatakiwa awe karibu mpaka siku hiyo ipite, kwa sababu karatasi iliyovurugika kwa dharura inaweza kuhamishiwa hapo. Baada ya siku hiyo, kijana yuko huru. Anaweza kutangulia na shangazi au mjomba, wadogo zake wakamfuata shule zikifungwa, naye akarudi London au Birmingham kabla ya katikati ya Agosti akapokelewa na mzazi mmoja au ndugu. Nauli za kabla ya shule kufungwa nazo huwa nafuu kuliko za wiki ya kwanza ya likizo. Kwangu mimi huu ndio mpango bora kwa mwaka wa 13. Nasisitiza: wa 13. Kwa GCSE sioni haja ya kuvunja safari ya familia nzima.

Jambo la pili ni saa, na hapa Kiswahili chenyewe kinaweza kututega. Agosti Uingereza iko katika saa za kiangazi, kwa hiyo Kenya, Tanzania na Uganda zinaitangulia kwa saa mbili, si tatu kama Desemba. Goma, Kigali na Bujumbura zinaitangulia kwa saa moja. Matokeo hutolewa kuanzia 8:00 ya London, ambayo kwa usemi wetu ni saa mbili asubuhi kule, na ni saa nne asubuhi Dar es Salaam. Sasa mtoto akiandika kwenye kundi la familia "matokeo saa 8", bibi anaelewa saa nane mchana, baba anaelewa saa mbili asubuhi ya hapohapo alipo, na mtoto alikusudia kitu cha tatu. Andikeni saa za Afrika Mashariki kwa maneno: saa nne asubuhi matokeo, saa tisa alasiri mlango wa Clearing, yaani soko la nafasi za vyuo zilizobaki. Bandikeni ukutani. Simu ya mtoto nayo ikaguliwe, maana iliyozimwa kujisahihisha saa inaendelea kuonyesha saa za London.

Kabla ya kuondoka, Julai shule ikiwa bado wazi, mtafuteni ofisa mitihani wa shule. Si mwalimu wa darasa, si mapokezi: ofisa mitihani. Muulizeni mambo manne. Matokeo yatatumwa kwa njia gani: bahasha shuleni, baruapepe, au akaunti ya wanafunzi? Kama ni baruapepe, yatakwenda anwani ipi? Kama ni bahasha tu, mtu mwingine anaweza kuichukua kwa masharti gani? Na siku hiyo nani atakuwapo shuleni kujibu simu au baruapepe, mpaka saa ngapi?

Swali la anwani ndilo linalowaponza wengi. Anayemaliza mwaka wa 13 anaondoka shuleni, na shule nyingine hufunga akaunti za baruapepe za waliomaliza wakati wa likizo. Mtoto aliyejisajili UCAS, shirika linalopokea maombi ya vyuo vikuu vya Uingereza, kwa anwani ya shule anaweza kuamka Agosti hana ufunguo wa kuingilia. Abadilishe mapema aweke anwani yake binafsi, kule UCAS na kule shuleni, na ajaribu kuingia mara moja kutoka kwenye simu atakayosafiri nayo.

Kuhusu kuchukuliwa bahasha: matokeo ni ya mtahiniwa. Shule haimpi mzazi kwa sababu tu ni mzazi, na mtoto wa miaka 18 ni mtu mzima kisheria. Kinachotakiwa kwa kawaida ni barua iliyosainiwa na mwanafunzi, ikitaja jina kamili la atakayechukua, na huyo aje na kitambulisho chenye picha. Barua iachwe shuleni kabla ya kufunga, na nakala abaki nayo mchukuaji. Barua inayotumwa kwa picha ya simu asubuhi ileile, huku mchukuaji amesimama mlangoni, inaweza kukataliwa, na ofisa atakuwa sahihi.

Usipoteze muda kuomba matokeo siku moja kabla kwa kisingizio cha safari. Ni kweli shule hupokea alama Jumatano, lakini zinafungwa na masharti ya bodi kutozitoa kwa mwanafunzi kabla ya asubuhi ya Alhamisi. Hakuna msamaha kwa aliye na ndege.

Ndugu wa nyumbani nao waelezwe mapema. Tanzania, baraza la mitihani, NECTA, huweka matokeo mtandaoni kwa orodha ya shule, na mtu yeyote mwenye namba ya mtihani anamwona mwenzake. Uingereza hakuna ukurasa wa namna hiyo. Mjomba akipewa namba ya mtahiniwa haimsaidii kitu. Njia ni shule yenyewe, au akaunti ya mtoto mwenyewe, basi.

Sasa tuingie kwenye Alhamisi ya A-level.

Mwanafunzi aliyeomba chuo kikuu ana vyanzo viwili vya habari siku hiyo, na havisemi jambo moja. Ukurasa wake wa UCAS unamwambia kama nafasi imethibitishwa. Haumwonyeshi alama. Alama zinatoka shuleni. Kwa hiyo inawezekana saa nne asubuhi akaona amepata chuo alichokitaka, na alama zenyewe zikamfikia saa moja baadaye. Na inawezekana pia akaona alama zimepungua kidogo huku chuo kimempokea hivyohivyo. Vyuo hufanya hivyo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ndiyo sababu namwambia kijana aangalie UCAS kwanza, kabla ya kulia juu ya alama moja iliyoshuka.

Akikuta nafasi imethibitishwa, kazi imekwisha. Mshangilieni, mle, mwende harusini.

Akikuta ukurasa haujabadilika na nafasi bado ina masharti, chuo hakijaamua, au hakijaona alama zote. Hapo anapiga simu idara ya udahili. Wakati mwingine chuo humpa kozi tofauti na aliyoomba. Hiyo haijikubali yenyewe, anatakiwa ajibu, na ina siku ya mwisho ya kujibu.

Chaguo la kwanza likimkataa na la akiba likimkubali, anawekwa kwenye lile la akiba bila kubonyeza chochote. Hapa pana hatari. Ukurasa una kitufe cha kuikataa nafasi aliyopewa ili aingie Clearing. Kitufe hicho kikibonyezwa, nafasi imekwenda, na kurudishwa ni hisani ya chuo. Asikibonyeze mpaka chuo kingine kimwahidi nafasi kwa simu au kwa maandishi, akajua ni kozi gani na amepewa mpaka lini. Mtoto aliye peke yake chumbani na hasira ya asubuhi anaweza kukibonyeza kwa dakika moja. Mtu mzima akae naye.

Akikosa yote mawili, anaingia Clearing, na ukurasa wake utamwonyesha namba ya Clearing. Mpangilio ni huu: atafute kozi zenye nafasi kwenye orodha ya UCAS na kwenye kurasa za vyuo, apige simu, ajieleze, apewe ahadi ya mdomo, kisha ndipo aingize chuo hicho kwenye ukurasa wake. Kuingiza kunaanza 13:00 ya London, yaani saa tisa alasiri kwetu. Anaweza kuingiza kimoja tu kwa wakati mmoja. Anaweza kukusanya ahadi tatu asubuhi na kuchagua alasiri, na hiyo si hila. Makosa mawili hurudiwa kila mwaka: kusubiri mpaka saa tisa ndipo mtu aanze kupiga simu, au kuingiza chuo ambacho hakijasema ndiyo. Simu zinaanza saa nne asubuhi yetu, na kozi zinazogombewa hujaa kabla ya adhuhuri.

Kupiga simu kutoka Afrika Mashariki kuna vikwazo vyake. Namba za bure za Uingereza zinazoanza na 0800 mara nyingi hazipatikani kutoka nje ya nchi. Zinazoanza na 03 hupatikana kwa +44 lakini kwa bei ya kimataifa, na foleni ya Clearing inaweza kukuweka ukisikiliza muziki nusu saa huku vocha ikiyeyuka. Wiki moja kabla, andikeni kwa kila chuo kati ya vitano mnavyovifikiria namba ya waombaji walio nje ya nchi, anwani ya baruapepe ya udahili, na kama kuna mazungumzo ya maandishi kwenye tovuti. Vyuo vingi vinayo, na yanajibiwa haraka kuliko simu. Muwe na njia ya kupiga kupitia intaneti kwenda namba za kawaida, yenye salio tayari, na muijaribu.

Laini ya Uingereza isiachwe London. Akaunti inaweza kutaka msimbo wa uhakiki unaotumwa kwenye namba hiyo, na chuo kitarudisha simu kwenye namba iliyo kwenye ombi. Romingi iwashwe kabla ya kupanda ndege, kwa sababu kampuni nyingine haziruhusu kuiwasha ukiwa tayari nje. Data mtatumia bando la laini ya hapa. Mkiwa kijijini, Jumatano jioni chajini simu zote na pawabenki mbili, muwe na bando za mitandao miwili tofauti, na mjue mapema ni nyumba gani ya jirani au hoteli gani mjini yenye jenereta. Kama kijijini mtandao ni wa kubahatisha, usiku wa Jumatano mlale mjini. Usiku mmoja wa nyumba ya wageni hauwezi kulinganishwa na mwaka mzima wa chuo.

Karatasi moja iandikwe kwa mkono, iwe na namba ya UCAS yenye tarakimu kumi, namba ya kituo yenye tarakimu tano, namba ya mtahiniwa yenye tarakimu nne, bodi ya mtihani ya kila somo, alama za GCSE zote, na nafasi ya alama za A-level za kujaza asubuhi. Anayepokea simu chuoni ataulizia hayo kwa haraka. Kijana anayesema "subiri nitafute" mara nne anapoteza utulivu wake, na utulivu ndio unaosikika upande wa pili.

Na anayezungumza awe mwanafunzi. Vyuo vinataka kumsikia yeye: kwa nini kozi hii, kwa nini sasa. Mzazi anaweza kukaa pembeni na kalamu. Lakini yatokee malaria, au basi limekwama njiani, awepo mtu mwingine mwenye ruhusa. UCAS inamruhusu mwombaji kumteua mtu mmoja wa kuzungumza kwa niaba yake, na uteuzi huo ufanywe kabla ya safari. Dada mkubwa aliyebaki Leicester anafaa kuliko baba ambaye yuko kwenye basi hilohilo.

Akibadilisha chuo au kozi kupitia Clearing, abadilishe pia kwenye ombi lake la mkopo wa masomo, na aulizie malazi siku hiyohiyo. Haya mawili husahaulika kwa furaha, kisha Septemba mtoto anafika chuoni pesa hazijaingia.

Kama alama moja inaonekana haimfanani mtoto, kuna kusahihishwa upya. Ombi linapitia shuleni, si kwa mzazi wala moja kwa moja kwa bodi kwa watahiniwa wa shule. Kwa anayesubiri chuo kuna huduma ya haraka, ambayo dirisha lake hufungwa takriban wiki moja baada ya matokeo ya A-level. Shule huweka mwisho wake siku moja au mbili kabla ya hapo ili ipate kutuma. Mwanafunzi lazima atoe idhini ya maandishi baada ya kuona matokeo, kwa kuwa alama inaweza kupanda au kushuka, na ikishuka imeshuka. Idhini kwa baruapepe inatosha, mradi itoke kwa mwanafunzi mwenyewe. Ada hulipwa, na hurudishwa daraja likibadilika. Siku hiyohiyo chuo kiarifiwe na kiombwe kishikilie nafasi. Hakilazimiki, lakini kisichoambiwa hakitasubiri; na 31 Agosti ndiyo kikomo cha kawaida cha kutimiza masharti. Familia iliyopanga kwenda mbugani wiki hiyo, mahali pasipo mtandao, iende mbugani wiki ya kwanza ya Agosti.

Alhamisi ya GCSE ina tabia nyingine. Hakuna Clearing, hakuna foleni ya simu. Kuna uandikishaji. Shule na koleji za A-level huandikisha siku hiyohiyo ya matokeo, kesho yake, au mwanzoni mwa wiki inayofuata, na asiyetokea bila taarifa anaweza kukuta kiti chake kimepewa aliye kwenye foleni. Julai andikeni baruapepe kwa koleji, siyo simu, mseme mtoto atakuwa nje mpaka tarehe fulani, muombe siku ya kuchelewa kuandikishwa, na muombe wajibu kwa maandishi. Wengi hukubali. Asubuhi ya matokeo mtoto awatumie picha ya karatasi ya alama na majina ya masomo anayoyataka. Kama hakufikia alama ya somo fulani, kwa mfano hisabati ya A-level ambayo mara nyingi hutaka 6 au 7, aanze mazungumzo siku hiyo hukohuko aliko, kwa sababu madarasa mbadala nayo yanajaa. Aliyekosa 4 katika Kiingereza au hisabati England ataendelea na somo hilo na anaweza kurudia mtihani Novemba. Hilo halizuii kuandikishwa kozi nyingi, ila linabadilisha ni kozi zipi.

Alama za 9 mpaka 1 za GCSE ya England zinahitaji tafsiri kwa wenyeji wa nyumbani. Tanzania daraja la kwanza ndilo kilele, na pointi chache ndizo nzuri. Mtoto akisema amepata tisa katika baiolojia, babu anaweza kumpa pole. Mwelezeni babu kabla: tisa ndiyo juu kabisa, nne ni kufaulu, moja ni chini.

Tena, nyumba imejaa. Shangazi watatu, majirani, wageni wa harusi, wote wanajua leo ni matokeo. Mpeni mtoto chumba chenye mlango, mzazi mmoja tu naye, na nusu saa kabla ya yeyote kuuliza. Mkubaliane tangu jana yake nani atawatangazia watu na atasema kiasi gani. Akiamua kusema "nimepata chuo" bila kutaja alama, msimsahihishe mbele za watu. Simu ya pongezi au ya pole ya ukoo mzima ikianza saa nne na dakika tano, yule aliyetakiwa kupiga Clearing ameshapoteza laini na muda.

Karatasi inayotoka Agosti ni ya muda. Vyeti vyenyewe hufika shuleni baadaye, kwa kawaida Oktoba au Novemba, wakati mtoto yupo chuoni na hakuna anayevikumbuka. Shule inatakiwa kuvitunza visivyochukuliwa kwa angalau miezi 12 tangu vilipotolewa, baada ya hapo inaweza kuviharibu, na bodi hutoza ada kwa kila nakala ya kuvirudishia. Kwa hiyo ile barua ya idhini mliyomwachia ofisa mitihani Julai, iandikwe itaje mambo mawili: karatasi ya matokeo ya Agosti, na vyeti vitakapofika.